Noti, Kitambulisho na Vijana Arobaini wa Buta



Vijana wenzangu, kuna swali ambalo limenifuata kwa muda sasa, na linaletwa hasa na ninyi mlioko vyuoni, mnaosoma sosholojia, sheria, maendeleo ya jamii na kadhalika. Kila mmoja analileta kwa maneno yake, ila kiini ni kimoja: "Frateri, darasani tumefundishwa kwamba mengi tunayoyaona ya kawaida yametengenezwa na jamii yenyewe. Pesa, vyeo, makabila, hata namna ya kuhesabu saa. Sasa dini nayo si ni hivyo hivyo? Watu walikaa, wakakubaliana, basi."

Swali zuri, na naomba tusilikimbie. Najua wapo wanaolijibu kwa kusema hizo ni nadharia za Wazungu wasioamini, achaneni nazo. Jibu hilo halimsaidii mtu anayerudi darasani Jumatatu. Tena linatunyima chombo kizuri cha kufikiri, kama nitakavyojaribu kuonyesha kwa habari ya vijana wa rika lenu waliouawa Burundi mwaka 1997. Lakini kabla hatujafika Burundi tunahitaji kuielewa nadharia yenyewe, kwa hiyo nivumilieni kidogo.

Mwaka 1966 wanasosholojia wawili, Peter Berger na Thomas Luckmann, walichapisha kitabu kuhusu jinsi jamii inavyoujenga uhalisia. Wazo lao kuu si gumu ukiliweka katika mazingira yetu. Chukulia kwaya ya parokia. Waanzilishi walikuwa watano. Mmoja alikuwa fundi cherehani na nafasi yake ilikuwa Alhamisi jioni tu, basi wakapanga mazoezi yawe Alhamisi. Walijua kabisa kwamba huo ni mpango wao na kesho wangeweza kuubadilisha. Miaka ishirini ikapita. Fundi alishahama. Anakuja binti mpya, anauliza mazoezi ni lini, anajibiwa: "Kwaya yetu ni Alhamisi." Akiuliza kwa nini isiwe Jumamosi, wanamwangalia kama mtu aliyeuliza kwa nini jua linachomozea mashariki. Kilichoanza kama "tumepanga" kimekuwa "ndivyo ilivyo". Na baada ya miaka mitatu binti yule yule ndiye atakayemshangaa mgeni anayeuliza.

Berger na Luckmann wanasema jamii nzima inajengwa namna hiyo. Watu wanatoa kitu kutoka kwao kwa mazoea na makubaliano. Kitu kile kinasimama mbele yao kana kwamba hakikutoka kwao. Kisha kinawaingia tena ndani na kuwaunda wao wenyewe. Salamu, mahari, bunge, ligi ya mpira. Mtoto wa Kiswahili anakua akijua kwamba jua likishachomoza ni saa moja. Mwenzake wa Kiingereza anaiita dakika ile ile saa saba, na wote wawili wako sahihi.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni pesa. Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza kwamba noti za zamani, zile za mwaka 1985 hadi 2003, pamoja na noti ya shilingi 500 ya mwaka 2010, zingeondolewa kwenye mzunguko kuanzia tarehe 6 Januari hadi 5 Aprili 2025. Sasa fikiria mzee aliyekuwa na noti ya 10,000 ya zamani chini ya godoro. Kabla ya siku ya mwisho ile noti ni mchele, ni nauli, ni dawa. Siku ikishapita, akienda nayo dukani anarudishiwa. Karatasi haijabadilika hata kidogo: wino ni ule ule, mikunjo ni ile ile. Tuliobadilika ni sisi, yaani namna tunavyoihesabu. Mwanafalsafa wa Marekani, John Searle, aliandika kitabu kizima kuhusu jambo hili mwaka 1995. Milima ingekuwepo hata kama binadamu hayupo, lakini noti haiwi noti mpaka watu waihesabu hivyo.

Hapa ndipo wengi wanateleza. Wakisikia "kimetengenezwa na jamii", wao wanasikia "ni cha uongo". Hapana. Ukivuka mpaka pale Kabanga kuingia Burundi, gari lililokuwa linapita kushoto linatakiwa kupita kulia. Hakuna sheria ya Mungu inayosema kushoto au kulia. Ni makubaliano matupu. Lakini jaribu kuyapuuza makubaliano hayo kwenye kona yenye lori linalokuja, utajua kama ni ya kweli au si ya kweli. Kitu kilichotengenezwa na watu kinaweza kulisha, kinaweza kulinda, na kinaweza kuua.

Na tusidhani Kanisa liliambiwa haya kwa mara ya kwanza mwaka 1966. Katika Mwanzo sura ya 2, Mungu anamletea Adamu wanyama aone atawaitaje, na jina analolitoa Adamu ndilo linakuwa jina lao. Yaani Mungu mwenyewe anamwachia binadamu kazi ya kutoa maana. Lakini angalia: Adamu anampa ng'ombe jina, hamuumbi ng'ombe. Mtakatifu Augustino alitofautisha ishara za asili, kama moshi unaoashiria moto, na ishara zinazotolewa kwa makusudi, kama maneno, ambazo maana yake inategemea watu kuelewana. Mtakatifu Thoma wa Akwino, anapozungumzia sheria za binadamu, anasema nyingine zinatoka katika sheria ya asili moja kwa moja, na nyingine ni maamuzi ya watu katika mambo yaliyoachwa wazi. Kwamba mkosaji astahili adhabu, hilo akili inaliona. Adhabu iwe faini au kifungo, na kwa kiasi gani, hilo jamii inapanga. Lakini Thoma anaongeza jambo ambalo tutalihitaji mbele: sheria ya watu ikipingana na sheria ya asili haiwi sheria tena, inakuwa uharibifu wa sheria. Kwake swali halikuwa tu kama kitu kimejengwa na watu. Aliuliza pia kimejengwa juu ya nini.

Sasa twende kwa majirani zetu.

Rwanda na Burundi ziliwahi kuwa koloni moja na Tanganyika, chini ya Wajerumani. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia sisi tukaenda kwa Waingereza na wao wakaenda kwa Wabelgiji. Katika kila moja ya nchi hizo mbili, Wahutu, Watutsi na Watwa walikuwa wakizungumza lugha moja, wakiishi kwenye vilima vile vile na kumwita Mungu kwa jina moja, Imana. Koo nyingi zilikuwa na watu wa makundi yote. Majina ya Mhutu na Mtutsi yalikuwepo kabla ya wakoloni, na ubaguzi na unyonyaji ulikuwepo pia. Tusiwatwishe Wazungu kila kitu, maana historia haituruhusu. Lakini mpaka haukuwa ukuta. Kinyarwanda kina neno kwihutura, maana yake kuuvua Uhutu. Mtu aliyepata ng'ombe na heshima, familia yake iliweza baada ya muda kuhesabiwa upande wa pili. Lugha haitungi neno kwa jambo ambalo halitokei.

Wageni wakaja na maelezo yao. Mwingereza John Hanning Speke, katika kitabu chake cha mwaka 1863 kuhusu safari ya kutafuta chanzo cha mto Nile, alidai kwamba watawala wa eneo la maziwa makuu ni jamii nyingine iliyotoka kaskazini, tofauti na weusi wanaowatawala. Waliomfuata wakaipamba nadharia hiyo kwa kutumia habari ya wana wa Nuhu katika kitabu cha Mwanzo. Naam, Biblia. Watu walichukua kurasa zinazotuambia kwamba binadamu wote wametoka katika familia moja, wakazitumia kuonyesha kwamba wengine walizaliwa kutawala na wengine kutawaliwa. Wamisionari wakaisoma nadharia hiyo na kuiamini, serikali ya Kibelgiji ikaiamini, shule zikafundisha. Na watoto waliofundishwa, wa pande zote mbili, nao wakaiamini. Ndiyo hatua ya tatu ya Berger na Luckmann: kitu kinaingia ndani ya watu.

Kisha ikaja karatasi. Miaka ya 1933 na 1934 Wabelgiji walifanya sensa Rwanda, na watu wakapewa vitambulisho vilivyoandikwa kundi la kila mmoja. Yale mambo ya zamani ya kuhama kidogo kidogo yakakoma. Kundi la baba likawa kundi la mtoto, limeandikwa, limepigwa mhuri. Vitambulisho vyenye kundi viliendelea kutolewa hata baada ya uhuru. Mwaka 1994, kwenye vizuizi vya barabarani, wauaji waliomba kwanza kitambulisho. Mstari mmoja kwenye karatasi uliamua nani apite na nani alale pale pale. Kwa hiyo rafiki, ukiambiwa "kabila ni kitu kilichojengwa na jamii", usijibu kwa kicheko kwamba basi si kitu. Watu wamezikwa kwa sababu ya kitu hicho.

Na Wakatoliki hatuwezi kuisimulia habari hii kama watazamaji. Rwanda ilikuwa nchi ambayo wengi wa watu wake walibatizwa. Waliouawa na waliowaua mara nyingi walikuwa wamepokea Komunyo kwenye foleni moja. Huko Nyange, magharibi mwa Rwanda, watu waliokimbilia ndani ya kanisa la parokia mwaka 1994 walibomolewa kanisa likiwa juu yao, na padri wa parokia hiyo hiyo alihukumiwa na mahakama ya kimataifa iliyokuwa ikiketi pale Arusha. Tarehe 20 Machi 2017 Papa Fransisko, alipokutana na Rais wa Rwanda, aliomba msamaha wa Mungu kwa dhambi na makosa ya Kanisa na ya watu wake, wakiwemo mapadre na watawa. Ubatizo ulikuwepo, lakini katika vichwa vya wengi jina lililoandikwa kwenye kitambulisho lilikuwa na uzito kuliko jina walilopewa kisimani. Sijui kwenu, ila mimi jambo hili linaninyima usingizi kuliko hoja yoyote ya mtu asiyeamini Mungu.

Burundi ilikuwa na njia yake. Mwaka 1972 yalitokea mauaji makubwa ambayo waathirika wake wengi walikuwa Wahutu, hasa waliosoma. Mwezi Oktoba 1993 aliuawa Rais Melchior Ndadaye, Mhutu wa kwanza kuchaguliwa kwa kura, na nchi ikaingia vitani. Watutsi wengi waliuawa vijijini, Wahutu wengi waliuawa na jeshi, na kila upande ukawa na makaburi ya kutosha kuuchukia upande mwingine.

Kusini mwa nchi hiyo, katika Jimbo la Bururi, kuna seminari ndogo ya Buta. Wanafunzi wake walikuwa mchanganyiko. Hebu fikirini mabweni ya namna ile: kijana ambaye ndugu zake wameuawa na watu wa kundi hili, kitanda cha pili analala mwenzake wa kundi lile, na huko nje redio na minong'ono kila siku inawakumbusha. Gombera wao, Padre Zacharie Bukuru, ambaye alinusurika na baadaye akaandika kitabu kuhusu vijana hao, anaeleza kwamba hawakulifunika jambo hilo. Walilizungumza waziwazi. Walijadiliana kwa saa nyingi kuhusu Uhutu na Ututsi, kuhusu hofu na hasira zao, na wakaishi maisha ya pamoja ya sala, michezo, nyimbo na ngoma.

Alfajiri ya tarehe 30 Aprili 1997, katika kipindi cha Pasaka, waasi wenye silaha waliingia seminarini mpaka bwenini. Wakawaamuru vijana wajitenge: Wahutu upande huu, Watutsi upande ule. Lilikuwa agizo rahisi tu. Kwa upande mmoja, hatua chache zingetosha kuokoa maisha. Vijana wakakataa kutengana. Wakapigwa risasi na kurushiwa mabomu ya mkono. Waliuawa arobaini.

Wiki sita kabla, tarehe 18 Machi 1997, jambo linalofanana na hilo lilitokea Rwanda kwenye shule ya sekondari ya Nyange. Ndiyo, Nyange ile ile. Waliovamia waliwaagiza wanafunzi wajitenge kwa makundi, nao wakakataa, na baadhi yao wakauawa.

Sasa turudi kwenye swali la darasani, maana hapa ndipo linapimwa.

Tuseme ni kweli kwamba kila kitu kimejengwa na makubaliano ya watu, na chini yake hakuna kitu kingine. Basi pale bwenini palikuwa na makubaliano mawili. Waasi walikuwa na ya kwao: mtu ni kundi lake. Vijana walikuwa na ya kwao: sisi ni ndugu. Nani alikuwa sahihi? Mwenye kushikilia nadharia hiyo mpaka mwisho hana jibu. Anaweza kusema anapenda zaidi makubaliano ya vijana, kama mtu anavyopenda wali kuliko ugali, lakini hawezi kusema waasi walikosea. Kukosea maana yake kuna kitu ulitakiwa kukilenga ukakikosa, na yeye ameshatuambia hakipo. Mleteni mbele ya makaburi arobaini ayaseme hayo. Sijawahi kukutana na mwalimu wa sosholojia anayeweza, na nadhani hilo ni kwa heshima yao: wanajua zaidi ya nadharia inavyowaruhusu kujua.

Lakini na sisi tunaoitupa nadharia nzima tuna shida yetu. Kama tunaamini kwamba kila tulichokikuta kimewekwa na Mungu, basi tutaamini kwamba Mungu ndiye aliyeandika kwenye vile vitambulisho. Wengi waliamini hivyo, na baadhi yao walivaa kanzu. Vijana wa Buta waliweza kukataa kwa sababu katika mijadala yao walikuwa wamejifunza kuutazama ule mgawanyo na kuuona ulivyo: umetengenezwa, una historia, una waliofaidika nao. Ukishajua ukuta ulijengwa na watu, unaweza kuuliza kama ni lazima uendelee kusimama.

Kuna jambo moja zaidi, na kwangu ndilo zito kuliko yote. Udugu wa Buta nao ulijengwa. Haukushuka usiku mmoja. Ulijengwa kwa maongezi magumu, kwa rozari, kwa kucheza mpira timu moja, kwa kula pamoja na kugombana na kupatana. Ukimleta Berger pale angeona hatua zake zote tatu. Kwa hiyo tofauti kati ya vijana na wauaji haikuwa kwamba hawa walikuwa na kitu cha asili na wale kitu cha kutengenezwa. Wote walijenga. Ila wengine walijenga kufuatana na kile kilichopo kweli, mtu aliyeumbwa kwa sura na mfano wa Mungu, na wengine walijenga kukipinga. Thoma angesema hiki ni sheria na kile ni uharibifu wa sheria. Paulo, katika Wagalatia 3:28, hasemi kwamba Myahudi na Mgiriki wameacha kuwepo, maana yeye mwenyewe alibaki Myahudi na aliendelea kuzungumza Kigiriki. Anasema katika Kristo majina hayo yamepoteza haki ya kututenganisha.

Mnakumbuka walipomletea Bwana ile dinari, Mathayo 22? Aliuliza sura iliyopo ni ya nani. Ya Kaisari, wakasema. Basi ya Kaisari mpeni Kaisari. Mababa wa Kanisa, akiwemo Tertuliano, waliona kwamba sentensi ya pili ina swali lililofichwa: na cha Mungu ni kipi, kinachobeba sura ya nani? Sarafu ina thamani kwa sababu Kaisari ameigonga mhuri, na Kaisari akifa au akibadilisha mawazo, thamani inaondoka, kama noti ya mzee chini ya godoro. Thamani ya mtu haikutolewa na benki wala sensa, kwa hiyo hakuna tangazo linaloweza kuiondoa kwenye mzunguko.

Nirudi sasa kwenye "dini nayo je?" Sitajifanya kwamba hakuna kilichojengwa na watu ndani ya Kanisa. Kipo kingi. Misa kwa Kiswahili, na ngoma na makofi ndani yake, ni matunda ya milango iliyofunguliwa na Mtaguso wa Pili wa Vatikano. Jumuiya ndogo ndogo unazosali nazo kila wiki zilipangwa na maaskofu wetu wa Afrika Mashariki miaka ya 1970. Rangi za kanzu, saa za Misa, sare za WAWATA, ratiba ya kipaimara: watu walikaa, wakapanga, na wanaweza kupanga upya. Kijana anayetetea kila mojawapo ya hayo kana kwamba yaliandikwa kwenye mbao za Musa anajiandalia kuanguka, maana siku moja atagundua tarehe yalipoanza na atadhani imani yote ina tarehe kama hiyo.

Lakini ufufuko haukupitishwa kwenye kikao. Mitume hawakukubaliana kwamba kaburi lihesabiwe kuwa tupu. Mtu anaweza kukataa ushuhuda wao, hiyo ni hoja nyingine, ila aukatae kama ushuhuda: ama lilitokea ama halikutokea. Hauwezi kuwekwa kundi moja na mazoezi ya Alhamisi. Na Mungu, alipokuja, hakuvidharau vitu vyetu vya kujengwa. Alizungumza lugha ya watu. Kadiri ya Luka, alizaliwa wakati wa sensa ya Kaisari, familia yake ikiwa safarini kwenda kuandikishwa. Na alikufa akiwa na anwani juu ya kichwa chake iliyoandikwa kwa lugha tatu, kana kwamba nayo ni kitambulisho.

Berger mwenyewe, kama hamkujua, alikuwa Mkristo wa Kilutheri. Mwaka 1969 aliandika kitabu kingine ambacho kwenye vyuo husikiki sana, na ndani yake anamtazama mama anayeamshwa usiku na mtoto aliyeota ndoto mbaya. Mama anawasha taa, anamkumbatia, anamwambia asiogope, kila kitu ni salama. Je, anamdanganya? Nje kuna magonjwa, kuna vita, na mama na mtoto wote watakufa siku moja. Kama ulimwengu wote ni makubaliano ya watu wanaopita, basi ndiyo, mama ni mwongo. Lakini kama lipo pendo linalozidi kifo, mama huyo amesema ukweli mkubwa kuliko anavyojua. Namna ya kumbembeleza mtoto inatofautiana; mama wa Kisukuma ana yake, mama wa Vienna, alikozaliwa Berger, ana yake. Kile anachokiahidi hakikutungwa Usukumani wala Vienna.

Sisi Watanzania tuna la kuchangia hapa, na huwa tunalidharau kwa sababu linachekesha. Wangoni na Wahehe walipigana vita vikali kati ya 1878 na 1882. Leo Mngoni na Mhehe wakikutana ni watani: wanatukanana kwa furaha, na msibani mtani anaruhusiwa vituko ambavyo mwingine angefukuzwa. Utani ni kitu cha kujengwa kabisa. Hakuna aliyezaliwa nao kwenye damu. Ila wazee wetu walichukua kumbukumbu ya mikuki wakaigeuza kuwa sababu ya kuchekana, na mjukuu anarithi mzaha mahali pa kisasi. Kama jumuiya yenu ya vijana ina makundi yasiyosalimiana, iwe ni kwa kabila, kwa chama, au kwa nani kasoma wapi, mko na vifaa vile vile vya kujengea.

Kesi ya kuwatangaza wenyeheri vijana wa Buta ilifunguliwa rasmi Burundi mwaka 2019. Wamo katika kundi moja na Padre Michel Kayoya, mshairi na mwanafikra aliyeuawa katika mauaji yale ya 1972, pamoja na wamisionari waliouawa huko mwaka 1995. Kanisa bado halijatamka neno la mwisho, kwa hiyo kwa sasa tunawaombea na kuwaomba kwa faragha, bila kuwapa heshima ya hadharani wanayopewa watakatifu. Nchini kwao watu wanawaita mashahidi wa udugu, na pale Buta walipozikwa pana mahali pa hija. Siku yao ya kukumbukwa, 30 Aprili, ni mkesha wa Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, na vijana wengi mnakuwa na mikesha au novena usiku huo. Mkifika kwenye nia za maombi, watajeni. Wakati wa kutaja, msiulize nani alikuwa Mhutu na nani Mtutsi. Waliulizwa mara moja wakakataa kujibu.